Skuta Iliyokunywa Mafuta ya Nazi

Majirani zetu wa Temeke walimwita Marijani "Maandazi", na mimi jina hilo sikulipenda tangu siku ya kwanza. Sisemi kwamba halikuwa na sababu. Skuta yake ilipopita uchochoroni, hewa ilinukia kama nyumba yenye shughuli, na watu wenye njaa zao walitoka nje kutazama nani anakaanga nini. Kucheka hapo ni haki ya mtu. Lakini wengine waliendelea kucheka hata walipoijua habari yenyewe, na hao ndio walionifanya niiandike.

Mimi ni Tekla, mzaliwa wa Bukoba. Mume wangu, Adelard, alikuwa karani mjini, na katika miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala, tulipanga nyumba iliyopakana na ya Marijani. Kati yetu palikuwa na ua wa makuti tu, tena uliochakaa, kwa hiyo nikitaka nisitake niliona na kusikia mengi. Mkewe Marijani, Chausiku, ndiye aliyenifundisha kukuna nazi kwa mbuzi bila kujikata vidole. Nazi nilikuwa siipendi. Kwetu tulizoea ndizi na samaki wa ziwani, na kile kitu cheupe kuingia katika kila chungu kilinishinda. Chausiku alinicheka mpaka akachoka, kisha akanizoesha kidogo kidogo, kama mtoto anayeanzishiwa uji.

Marijani mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye masikio makubwa yaliyojaa unga. Alizaliwa Kimbiji, pwani ya kusini, akaja mjini akiwa kijana, akaajiriwa kwenye mashine ya kusaga nafaka mpaka akawa fundi wake. Mashine ile aliisikiliza kuliko alivyomsikiliza binadamu. Ungeweza kuwa katikati ya kumweleza habari ya mgonjwa, naye akainua kidole, "Subiri kidogo, mkanda unateleza," akakuacha umesimama na maneno yako. Hakuwa na kiburi. Ndivyo alivyoumbwa.

Skuta aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya kijani kilichopauka, yenye bati pana mbele la kukinga miguu na kiti kimoja cha dereva. Nyuma yake Mzungu alikuwa ameweka chanja ya mizigo, na Marijani akamtengenezea Chausiku mto wa sufi wa kukalia hapo. Mzungu yule alikaa naye mchana kutwa akimweleza habari za mashine, na Marijani akazihifadhi zote kama mtoto wa chuoni. Ole wako umuulize, "Bwana Marijani, skuta haijambo?"

"Silinda moja," angeanza, "sentimita za ujazo mia moja ishirini na tano. Nguvu ya farasi wanne na nusu. Gia tatu, zote ziko hapa kwenye mkono wa kushoto, unakamata klachi unazungusha. Mnyororo haina. Injini imekaa ubavuni mwa gurudumu la nyuma, upande wa kulia, ndiyo maana ukiiachia inataka kuegemea kulia. Magurudumu ya inchi nane."

"Huyo farasi nusu," nilimuuliza siku moja, "ni nusu ya mbele au ya nyuma?"

Hakucheka. Alifikiri, akapangusa unga sikioni, akasema, "Nadhani, Mama Didas, ni mzima, ila anapumzika."

Didas ni kifungua mimba wangu. Na kwa kweli ilipopanda mlima ilionekana wote wanne wanapumzika.

Alichopenda zaidi kukieleza ni unywaji wake. Gari, alisema, lina mahali pa petroli na mahali pa oili, kila kimoja na chumba chake. Skuta ile ilikuwa ya mipigo miwili. Pistoni ikipanda inabana, ikishuka imekwisha fanya kazi na kutoa moshi, basi, inaanza upya. Haina valvu, wala haina pa kuwekea oili ya kulainisha silinda. Kwa hiyo unachanganya oili ndani ya petroli, sehemu moja kwa sehemu ishirini, na mashine inakunywa vyote pamoja. Petroli inaungua, oili inalainisha chuma.

"Ukisahau oili," alisema akinitazama kana kwamba mimi ndiye nitakayesahau, "pistoni inang'ang'ania silinda, na hapo umeua."

Skuta ile hakuinunua kwa fahari. Aliinunua kwa ajili ya mama yake. Bi Somoe alikuwa mjane, akiishi Kimbiji na binti yake, Mwanaheri, na Marijani ndiye mtoto wake pekee wa kiume. Kimbiji si mbali kwa mwenye kuitazama kwenye ramani, lakini ukishaipita Kongowe njia ilikuwa mchanga na mashimo, na malori yalipita yalipojisikia. Kwa baiskeli Marijani alifika amekufa kwa uchovu, akalala, akarudi. Basi alikwenda kwa nadra, na hilo lilimuuma.

Bi Somoe hakulalamika. Alikuwa na njia yake. Alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakaelea, akayatia kwenye chupa na kumkabidhi yeyote anayekuja mjini. Chupa ikifika Temeke maana yake ilijulikana: njoo nikuone. Zikifika mbili kwa pamoja maana yake ilikuwa: njoo, mbona hivyo? Chausiku alizipanga chini ya kitanda. Walipaka nywele, walikaangia samaki, walitugawia sisi, na bado zilibaki.

Kiangazi kimoja, katika lile joto la kaskazi linalomfanya mtu agombane na nguo zake, Marijani alijiandaa kwenda Kimbiji akakuta kopo la oili tupu. Petroli alikuwa nayo. Oili ilikuwa mpaka mjini, na siku hiyo duka lilikuwa limefungwa. Alisimama uani akilitazama kopo, akaingia ndani, akatoka na chupa ya mama yake.

"Bwana, hayo si ya kupikia?" Chausiku aliuliza.

"Cherehani yako unaitia nini?"

Cherehani Chausiku aliitia hayo hayo. Pwani yote, cherehani, bawaba za mlango na mnyororo wa baiskeli vilipakwa mafuta ya nazi, na hakuna aliyeona ajabu. Marijani akapima sehemu moja kwa ishirini, akatikisa, akapiga kiki. Injini ikaitika. Moshi mweupe ukajaa uani na harufu ikaruka ua mpaka kwangu, nikamwita Chausiku nimuulize anakaanga nini asubuhi yote ile.

Kule Kimbiji, Bi Somoe alikuwa amelala chumbani mchana. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini pua ilikuwa nzima. Aliinuka akauliza, "Mwanaheri, nani anakaanga na mafuta yangu?" Mwanaheri alikuwa hata hajawasha moto. Ndipo wakasikia mlio wa skuta njiani, na Marijani akaingia. Alipoeleza, mama yake alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo mie ndiye ninayekuleta?" alisema.

"Ni wewe, mama."

Tangu siku hiyo oili ya dukani haikuingia tena kwenye skuta ile. Kwa nini? Ilikwenda vizuri, na mama alifurahi, na mtu akiwa na vitu hivyo viwili haongezi cha tatu. Bi Somoe alipika mafuta kwa bidii ya msichana. Marijani alikwenda kila mwezi, na kila alipokaribia, kikongwe alinusa hewa akasema, "Marijani kafika. Mfungulieni mlango." Alisema hivyo hata mlango ukiwa wazi. Chausiku aliniigizia sauti yake mara nyingi, tukacheka. Nilimpenda Bi Somoe kabla sijamwona, na kama nitakavyoeleza, sikuwahi kumwona.

Kisha kikaja kipupwe. Ni miezi ile ya baada ya mavuno, watu wanaleta mahindi mashineni kwa magunia, na Marijani alifanya kazi mpaka nyusi zikawa nyeupe. Wiki zikapita hakwenda Kimbiji. Skuta ilisimama chini ya upenu, imefunikwa gunia. Zikaja chupa mbili kwa pamoja. Marijani akazipokea, akazishika muda, akasema, "Wiki ijayo." Nilimsikia. Wiki ijayo ilipofika alisema vile vile.

Asubuhi moja ya baridi, mimi nikiwa nimejifunika khanga mbili na bado natetemeka, alikuja mtu aitwaye Salumu, jirani wa Bi Somoe, aliyefika mjini na lori la nazi. Alimkuta Marijani anatawadha.

"Mama yako hajiwezi," Salumu alisema baada ya salamu. "Anakutaja wewe tu. Usingoje kesho."

Lori halikuwa likirudi siku ile. Adelard, aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini, alisikia yote, akaisukuma baiskeli yake mpaka mlangoni kwa Marijani.

"Chukua hii," alisema. "Mie nitatembea."

Marijani akaitazama baiskeli, akaitazama skuta. "Ahsante, ndugu yangu," alisema. "Lakini mama hajiwezi. Kwa hii nitakuwa kwake kabla baiskeli haijaiona Kongowe."

Na nani angebisha? Mimi nisingebisha. Farasi wanne na nusu, hata kama nusu amepumzika, ni zaidi ya miguu miwili ya mtu.

Akaliondoa gunia. Akafungua petroli, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena na tena mpaka kiatu kikamtoka. Akafungua plagi, akaikwangua, akaigusisha kwenye chuma, akapiga kiki: cheche ikaruka, ya samawati, nzuri. Akachungulia tangi: petroli ipo. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba kuona kama silinda inabana: inabana. Kila kitu alichokihifadhi kilikuwa mahali pake. Adelard alisubiri mpaka akaona atachelewa, akaondoka na baiskeli yake. Chausiku alikuwa amekwisha funga nguo kwenye kikapu, na mimi nilisimama uani nikimwomba Mungu wangu kimoyomoyo.

Jua lilipoanza kupanda, Chausiku alitoka ndani na chupa ya mafuta. Alitaka kuchukua kidogo ajipake kabla ya safari. Aliinamisha chupa, hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama nta. Akafanya kama wafanyavyo wanawake wote wa pwani kipupwe kikiingia: aliibana chupa kwapani, ndani ya khanga, akasimama akisubiri yayeyuke.

Marijani alikuwa amechuchumaa, ameinua uso kumwambia neno. Aliitazama ile chupa kwapani mwa mkewe, na mimi nikamwona anakunja uso polepole kama mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

Petroli ni kitu cha kuruka. Wiki zile zote skuta iliposimama, petroli iliyobaki ndani ya kabureta iliruka yote, ikaacha mafuta ya nazi peke yake, na baridi ikayagandisha ndani ya kile kitundu chembamba ambacho mashine hunywea. Hakuna mtoto wa pwani asiyejua kwamba mafuta ya nazi huganda kipupwe. Marijani alilijua hilo kabla hajajua kutembea. Mama yake alimpaka mafuta kichwani baada ya kuyapasha kwapani hivyo hivyo. Ila alilijua kwa kichwa, nywele na chungu. Kwa skuta hakulijua, kwa sababu oili ya Mzungu haigandi, na yeye habari za skuta alizipata kwa Mzungu.

Alichukua spana, akaifungua kabureta, akaiweka kwapani chini ya shati, akaibana. Chuma kile kilikuwa cha baridi, nilimwona alivyoruka. Wakasimama pale uani, mtu na mkewe, kila mmoja na chake kwapani, hakuna anayemtazama mwenzake. Machozi yalimtoka Marijani yakachora njia kwenye unga wa jana. Niliwaambia nitachemsha maji, tukitumbukize chuma kile. Aliitikia kwa kichwa, lakini moto wangu ulikuwa wa kuni mbichi, na maji yalipoanza kutoa mvuke alikuwa amekwisha pulizia kitundu na kuona mwanga upande wa pili.

Kiki ya kwanza ikashika. Chausiku akapanda nyuma, wakaondoka na ule moshi mweupe. Uchochoroni mtu mmoja akapaza sauti, "Maandazi hayo, tuachieni mawili." Nilimjibu maneno ambayo mke wa karani mkatoliki hapaswi kuyajua.

Walifika adhuhuri. Bi Somoe alikuwa amefariki asubuhi.

Alizikwa alasiri ile. Marijani ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mama yake na kumlaza kwenye mwanandani, kwa hiyo hilo alilipata. Mimi nilifika kesho yake kwa lori, kukaa matangani na Chausiku, na ndivyo nilivyoijua nyumba ya Bi Somoe bila Bi Somoe. Mbuzi yake ya kukunia ilikuwa imeegemezwa ukutani. Wanawake walipika, wanaume walikaa mkekani nje, na Marijani alikaa pembeni yao, mwenye adabu, asiyesikiliza.

Jioni ya khitima, wageni walipopungua, Mwanaheri alikuja akaketi karibu na kaka yake. Mimi na Chausiku tulikuwa tunaosha sahani hapo hapo, wala hakutufukuza.

"Kaka, nina neno limenikaa," alisema.

"Liseme."

"Asubuhi ile wanawake walikuja wengi kumtazama mama. Nikasema niwakaangie vitumbua, wasikae na njaa. Nikabandika mafuta. Mama alikuwa kimya tangu usiku, hata maji hataki. Yalipoanza kunukia akafumbua macho. Akasema, 'Marijani kafika. Mfungulieni mlango.'"

Chausiku akaiacha sahani majini.

"Ukamjibu nini?" Marijani aliuliza.

"Nikasema, ndiyo, mama, kafika." Mwanaheri alianza kulia. "Akatulia, kaka. Uso ukatulia kabisa. Hakusema tena. Mie nimemdanganya mama yetu akikata roho, na sijui nitamjibu nini Mwenyezi Mungu."

Marijani akauliza jua lilikuwa wapi saa ile. Mwanaheri akamwonyesha ukutani: lilikuwa limefika hapa.

"Saa hiyo nilikuwa na mafuta yake kwapani," Marijani alisema. "Nilikuwa nayapasha." Akamshika mdogo wake mkono. "Hukumdanganya sana."

Adelard, ambaye ni mtu mwema lakini anapenda hesabu, alinieleza baadaye kwamba kwa baiskeli, kama angeondoka alfajiri ile ile, pengine angewahi. Nilimwambia anyamaze, na sikumwambia kwa upole. Marijani hakuhitaji karani wa kumpigia hesabu hiyo. Naamini aliipiga mwenyewe kila siku mpaka alipozeeka.

Ungedhani baada ya hapo angerudi kwenye oili ya dukani. Hakurudi. Mwanaheri ndiye aliyepika mafuta sasa, na chupa ziliendelea kuja, na Marijani hakungoja tena ije ya pili. Kipupwe kilipofika aliifungua kabureta kila alfajiri kabla ya kazi, akaibana kwapani, akatembea nayo uani kama mtu mwenye jipu. Vijana walimpita wakicheka. Mtu mmoja aliyejifanya mjuzi alikuja kumweleza kuwa oili nzuri ipo siku hizi, haigandi wala hainuki. Marijani alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akabadilisha kwapa.

Siku ya arobaini ya Bi Somoe, mimi na Chausiku tulitangulia Kimbiji kwa lori kusaidia kupika. Marijani alibaki amalizie kazi mashineni, aje nyuma. Tulikuwa tunaongea uani, sufuria ziko motoni, pilau tu, hakuna aliyekuwa akikaanga. Mwanaheri alikuwa anachambua vitunguu. Nilimwona ameinua uso, akanusa.

Mimi wa Bukoba, niliyekuwa siipendi nazi, niliisikia harufu yake pia. Injini ilikuwa bado haijasikika.

Mwanaheri aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akapita katikati ya watu wote wale mpaka mbele. Mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi. Aliushika akausukuma mpaka ukagota ukutani.

"Kafika, mama," alisema, akasimama pale akiushikilia mpaka kaka yake alipoingia.